Habari ya Chefoo, na Swali la Watoto Wadogo Bwenini

Muhula uliopita palikuwa na mdahalo katika ukumbi wetu juu ya neno hili: kwamba watoto wa madarasa ya chini wasilale shuleni. Neno lenyewe lilitoka kwa majirani. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa kusimamisha bweni kwa watoto wa shule za awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, na huko Kenya maneno ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kusemwa. Mimi nilikuwa upande wa kuliunga mkono neno lile, na tulishindwa. Tena tulishindwa vibaya.

Aliyetushinda ni ndugu mmoja wa kidato cha tano. Alisimama kwa utulivu akauliza, je, wamisionari waliotujengea shule hii hawakuwapeleka watoto wao wenyewe bwenini tangu wana miaka sita, na katika nchi ya ugenini? Je, watoto wale hawakutoka watu mashuhuri? Akataja shule ya Chefoo, huko Uchina, kuwa ndiyo ushahidi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa msemaji wa mwisho wa upande wetu, na sikuwa na jibu, maana sikujua Chefoo ni mji au ni mtu.

Basi tangu siku ile nimesoma habari za Chefoo kila nilipozipata, na sasa jibu ninalo. Limechelewa, lakini nalitoa.

Chefoo ni jina ambalo Wazungu waliuita mji wa pwani katika jimbo la Shandong, mji ambao leo waitwa Yantai. Bwana Hudson Taylor, Mwingereza, aliyeanzisha misheni ya China Inland Mission mwaka 1865, alikwenda huko mwaka 1879 kujiuguza kwa hewa ya bahari. Mtu huyu hakupenda kazi ya pwani. Misheni yake ilikuwa ya bara, yaani majimbo ya ndani kabisa, na watu wake walivaa nguo za Kichina, na yeye mwenyewe alisuka nywele mkia kama wanaume wa Kichina wa zamani zile. Lakini watu hao walizaa watoto, na watoto wanataka kusoma. Kabla ya hapo njia ilikuwa moja tu: kuwarudisha Uingereza. Huko Walthamstow, karibu na London, palikuwa na shule ya mabinti wa wamisionari tangu mwaka 1838, na ya wana wao tangu mwaka 1842. Aliyempeleka mtoto huko aliweza kukaa miaka mingi asimwone. Bwana Taylor akaona, afadhali shule iwe Uchina kwenyewe. Ikafunguliwa mwaka 1881, na watoto wachache sana.

Ikakua haraka. Ikawa na shule ya wavulana, ya wasichana, na ya wadogo, na sifa yake ikaenea hata wafanya biashara na mabalozi wakaomba nafasi kwa watoto wao. Hapo ndipo walipopita Henry Luce, aliyeanzisha gazeti la Time mwaka 1923, na Thornton Wilder, mwandishi wa michezo ya kuigiza. Kwa hiyo ndugu yetu wa kidato cha tano hakusema uongo. Watu mashuhuri walitoka. (Ingawa Wilder alikaa pale muda mfupi tu, na baba yake hakuwa mmisionari bali balozi mdogo wa Marekani. Hilo ndugu yetu hakulitaja.)

Tena nataka niwe mwenye haki kwa wazazi wale. Uchina ya siku zile haikuwa nchi salama kwa mtoto mdogo wa mgeni. Bwana Taylor mwenyewe alimzika binti yake Grace huko mwaka 1867, naye alikuwa na miaka minane. Mwaka 1900, katika vita vya Mabondia, misheni yake ilipoteza watu wazima 58 na watoto 21, waliouawa. Watoto 21! Mzazi aliyekuwa na mtoto wake Chefoo mwaka ule, ng'ambo ya milima na mito, bila shaka alimshukuru Mungu. Na tusisahau njia. Wengine walikaa Yunnan au Kansu, na kutoka huko hata pwani ilikuwa safari ya majuma mengi, kwa mashua za mtoni, kwa mikokoteni na kwa machela. Likizo ikaisha mtoto akiwa bado njiani. Ndiyo maana wengi walibaki shuleni wakati wenzao walipokwenda nyumbani, na walimu wakawaandalia mandari na michezo ya pwani ili wasihesabu siku.

Hata safari fupi zilikuwa na mambo yake. Mwezi wa Januari mwaka 1935 meli Tungchow ilitoka Shanghai ikiwa na watoto wa Chefoo wapatao 70, wakirudi shule. Maharamia waliojifanya abiria wakaiteka, wakamwua mlinzi mmoja, wakaigeuza kuelekea kusini. Kwa siku kadhaa ulimwengu haukujua meli iliko, hata ndege za manowari ya Kiingereza zilipoiona karibu na Hong Kong, na watoto wote wakatoka wazima. Sisi tukichelewa kurudi siku ya kufungua shule husingizia basi la kampuni fulani. Wale walikuwa na udhuru halisi.

Sasa nifike penye shauri langu. Masomo ya Chefoo yalikuwa ya Kiingereza tupu: Kilatini, Kifaransa, Maandiko, hesabu, na mwisho mtihani wa Oxford. Kichina hakikuwamo. Mtoto alizaliwa Uchina, akalelewa na yaya wa Kichina, akajifunza kusema kwa lugha ya yaya kabla ya lugha ya mama, kisha akapelekwa katika ua wa shule akakaa miaka kumi, akatoka hawezi kununua yai sokoni. Baba yake alikuwa ametoa maisha yake yote ajifunze kusema na Wachina. Mama yake alivaa kama wao. Na mtoto wao, katikati ya nchi ile ile, alikuwa akisoma habari za Julius Kaisari, na hao Wachina aliowaona kila siku walikuwa wapishi na wafua nguo. Jambo hili nilipolisoma niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Nitasema kwa nini. Mimi ni Mtooro. Kwetu mtu hasalimiwi hivi hivi. Husalimiwa kwa empaako yake, lile jina la heshima na mapenzi apewalo mtoto mchanga mbele ya jamaa, na kumsalimu mzee bila kumtaja kwa empaako ni kama kumpita njiani umemgeuzia kisogo. Nilipelekwa bwenini nina miaka sita, darasa la kwanza, na sanduku la bati lenye jina langu kwa rangi nyeupe, godoro, na dumu la maji. Shule ile siitaji. Walimu wake walikuwa wakali kiasi na wema kiasi, na yule mama wa bweni alikuwa mwema kupita kiasi. Lakini kulikuwa na amri ya Kiingereza usiku na mchana, na aliyesahau alivishwa kipande cha ubao shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea. Niliporudi likizo ya Krismasi, bibi yangu alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nikamwendea nikamsalimu kwa Kiingereza. Sikumtaja. Hakunikemea. Aliniita kwa empaako yangu mara mbili, akangoja, kama mtu angojaye mwenye duka arudishe chenji. Nami sikukumbuka ya kwake ilikuwa ipi.

Ya kwake ni Abwoli. Leo naiandika hapa kwa wino.

Watakaonijibu najua watasema, wewe waleta machozi, sisi twauliza matokeo. Nao watanipeleka Weihsien, kwa kuwa kila asifuye Chefoo hufika Weihsien. Basi twende.

Disemba mwaka 1941, Wajapani walipoingia vitani na Waingereza na Wamarekani, askari wao wakaingia shuleni Chefoo. Mwezi wa Novemba mwaka 1942 wakawahamisha watoto na walimu wote, wakawasongamanisha katika nyumba chache upande mwingine wa mji, na Septemba mwaka 1943 wakawapeleka kambi ya Weihsien, mji ambao leo waitwa Weifang. Kambi ilikuwa boma la zamani la misheni ya Wamarekani, lenye ukuta, minara ya walinzi na nyaya za umeme, na ndani yake watu kama 1,500. Wazazi wa watoto wengi walikuwa upande wa pili wa vita, magharibi, na barua ikifika ilikuwa bahati. Watoto wanne wa ukoo wa Taylor, vitukuu vya yule Hudson Taylor, walikaa miaka mitano na nusu bila kuwaona baba na mama. Mmoja wao, Mary Taylor Previte, baadaye alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la New Jersey, naye amesimulia mengi.

Walimu wale waliendelea na masomo. Kengele ililia. Mtoto alikula uji wa mtama katika kopo, lakini alikatazwa kula kinywa wazi au kuegemea meza, maana, walisema walimu, hakuna adabu mbili, moja ya nyumbani na moja ya kambini. Maganda ya mayai yalisagwa, watoto wakalishwa unga wake kijiko kwa kijiko ili mifupa yao isiharibike. Siku za Jumamosi ilikuwa vita ya kunguni, kwa visu na kucha, katika nyufa zote. Wakati wa baridi watoto walikanda vumbi la makaa ya mawe na udongo wakafanya matonge ya kuchoma. Na wakubwa walifanya mtihani wa Oxford humo humo kifungoni, na baada ya vita Oxford wakaukubali. Mimi ninayelalamika taa zikizimika usiku mmoja kabla ya mtihani sina la kusema hapo ila kuvua kofia.

Lakini angalieni walimu hao walikuwa wakifanya nini. Kumlazimisha mtoto ameze dawa asiyoitaka, kumchana chawa, kumwambia funga mdomo ukitafuna: hiyo ni kazi ya mwalimu, au ya mama? Watu hao walisifiwa, na wastahili, kwa sababu waliacha kuwa walimu wakawa wazazi. Basi sifa ya Chefoo siyo ushahidi wa bweni. Ni ushahidi wa kitu kilichokosekana, na jinsi kilivyokuwa kigumu kukijaza, hata ikahitaji watu wa namna ile.

Katika kambi hiyo alikuwamo Eric Liddell. Wanariadha wetu wamjua: ndiye Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 huko Paris mwaka 1924 kwa kuwa mchujo ulikuwa Jumapili, kisha akashinda mita 400. Wengi hawajui habari zake za utotoni. Alizaliwa Tianjin, Uchina, mwaka 1902, baba yake mmisionari. Mwaka 1908, akiwa na miaka sita, yeye na kaka yake Rob waliachwa katika shule ile ile ya wana wa wamisionari niliyoitaja, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Blackheath, nayo baadaye ikaitwa Eltham College. Wazazi wakarudi Uchina. Alikua akiwaona mara chache tu, walipopewa likizo.

Naye alipokuwa mtu mzima akarudi Uchina kuwa mmisionari na mwalimu. Mwaka 1941, vita ilipokaribia, alimpeleka Kanada mke wake, Florence, aliyekuwa mja mzito, pamoja na binti zao wawili. Yeye akabaki kazini. Binti wa tatu akazaliwa Kanada mwezi wa Septemba.

Kambini Weihsien watoto wa Chefoo walimwita Mjomba Eric. Aliwafundisha sayansi bila vyombo, akichora kila chombo kwa mkono. Alitengeneza magongo ya mpira wao yaliyovunjika. Vijana wakubwa walipoanza kucheza Jumapili na kupigana kwa kuwa hapakuwa na mwamuzi, mtu huyu aliyekataa kukimbia Jumapili mbele ya ulimwengu mzima alikwenda uwanjani Jumapili akawa mwamuzi wao. Alikufa humo kambini tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, na miaka 43. Binti yake wa tatu hakumwona hata mara moja.

Miezi sita baadaye, tarehe 17 Agosti, watu saba wa kikosi cha Wamarekani walishuka kwa miavuli katika mashamba ya mtama nje ya ukuta, na watu wote wakatoka mbio langoni kuwalaki. Watoto wanne wa Taylor walifika kwa wazazi wao mwezi uliofuata. Shule haikurudi tena Chefoo. Ilikaa kwa muda katika milima ya Kuling, mpaka wamisionari walipoondoka Uchina, halafu ikahamia Malaya, katika milima ya Cameron, nayo ikafungwa mwaka 2001. Shule za namna yake ziko nyingine. Hapa karibu yetu iko ya Kijabe, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1909, na hata leo yasomesha.

Habari ya Liddell ndiyo iliyonikalia moyoni kuliko zote. Mtoto wa miaka sita aliachwa kwa ajili ya kazi njema. Akakua mtu bora, wala sijui mtu bora kumpita. Kisha naye kazi njema ikamtenga na watoto wake, akawa baba kwa watoto ambao baba zao nao walikuwa mbali kwa kazi njema. Kila mmoja alikuwa akimlea mtoto wa mwenzake. Hakuna wa kulaumiwa katika mnyororo huo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa turudi ukumbini petu. Wazazi wa Chefoo walikuwa na sababu mbili: kifo, na majuma mengi ya njia. Namwuliza ndugu yangu wa kidato cha tano: sisi tunazo zipi? Shule ya msingi iliyo karibu na kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hakuna maharamia. Mtoto hupelekwa bwenini kwa sababu jirani amempeleka wake, au kwa sababu shule ile hutoa alama za kwanza katika mtihani wa darasa la saba, au kwa sababu baba na mama hurudi nyumbani usiku. Sababu hii ya mwisho naiheshimu. Najua wako wasio na la kufanya, na walio yatima, na walio mbali na kila shule. Waraka wa Tanzania nao uliacha mlango wa kibali. Lakini hizo nyingine mbili haziwezi kuvaa koti la Chefoo. Koti hilo ni kubwa mno kwao.

Wala sisemi bweni ni baya. Niliingia shule hii nina miaka kumi na mitatu, na singeibadilisha kwa nyingine. Kijana wa umri huo amekwisha jua mama yake hucheka namna gani, na jina la bibi yake. Anaweza kuvibeba vitu hivyo katika sanduku. Wa miaka sita hana alichobeba bado.

Yako moja zaidi, nami nalisema kwa hofu. Baba yangu ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na gazeti hili hulisoma kutoka jalada hata jalada, hata matokeo ya kriketi. Mzee, naomba radhi kwa kusema nawe mbele ya watu. Ana kwa ana nimejaribu mara mbili na ulimi umenikwama. Silalamiki kwa ajili yangu. Ulinipa ulichokiona kuwa bora, na uliuza ng'ombe kwa ajili yake. Lakini mdogo wetu wa mwisho atatimiza miaka sita mwezi wa Januari, na nilipokuwa nyumbani nililiona sanduku jipya chini ya kitanda cha mama, jina bado halijaandikwa.

Mitihani yangu yaisha mwanzoni mwa Disemba. Baada ya hapo nitakuwa nyumbani hata Agosti, nikingoja matokeo na nafasi ya chuo. Naweza kumpeleka shule ya karibu kila asubuhi na kumchukua jioni, na kumsomesha hesabu usiku. Kule njiani hupita mbele ya nyumba ya bibi, naye huwa ameketi mlangoni saa zile.